Common Thread: wamewaenzi Eagles, kijana wa kibanda kaniharibia

Mtu anayepachika jina lake juu ya sauti ya mwimbaji hana heshima na muziki, wala hana heshima na mteja aliyemlipa. Naanza na hilo ili aliyekuja kusoma habari za albamu tu ajue mapema kwamba nina hasira.

Albamu yenyewe ni Common Thread ya mwaka 1993. Waimbaji wa kantri wa Marekani walijikusanya, kila mmoja akachukua wimbo wa Eagles, bendi ya roki ya huko huko Marekani, akauimba upya. Ndugu yangu aliniletea sidii kutoka Dar, halisi, na kijitabu chake ndani. Sabufa yangu siku hizi inasoma flashi tu, kwa hiyo nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kuweka nyimbo, hapa Tabora, upande wa stendi. Nikamwambia: mwanangu, nyimbo ziko kumi na tatu, zipange kama zilivyo, usikate, usiongeze kitu. Akaitikia macho yakiwa kwenye simu. Shikamoo hakunipa. Nikasema moyoni, labda ana kazi nyingi.

Nyumbani mambo yalianza vizuri. Travis Tritt anafungua na Take It Easy, na kaupiga karibu sana na ule wa mwaka 1972. Kwa kawaida kopi ya namna hiyo siipendi. Kama umefanana na mwenye wimbo kiasi hicho, kwa nini nisimsikilize mwenyewe? Lakini hii ina habari yake. Eagles walivunjika mwaka 1980, na Don Henley, mpiga ngoma na mwimbaji wao, akawa anajibu kwamba watapiga tena pamoja siku jehanamu itakapoganda barafu. Tritt akaomba waje kwenye video yake ya wimbo huu. Wakaja wenyewe, wakapiga naye, na mwaka uliofuata wakarudi jukwaani, ziara wakaiita Hell Freezes Over, yaani jehanamu imeganda. Watu wameimbiwa nyimbo zao na wengine, wakakumbuka kwamba bado ni bendi! Kwa sababu hiyo Tritt simgusi.

Clint Black kwenye Desperado ni msafi mno. Kila neno limekaa mahali pake, nami sikuamini hata moja. Alan Jackson kwenye Tequila Sunrise anaimba bila haraka yoyote, na wimbo ule unataka hivyo hivyo. Brooks & Dunn wamepita na Best of My Love, nami nimepita nao. Trisha Yearwood na New Kid in Town, hapo nilikaa sawasawa kwenye kiti: wimbo wa mtu anayeona watu wakimhamia mgeni, na yule mama anauimba kama mtu aliyeona mlango ukifungwa.

Sasa nije kwenye Take It to the Limit, ambao ndio niliutafutia albamu nzima.

Sisi wa Tabora tumelelewa na bendi. Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, zote zilitoka katika mji huu, na wazee wa hapa walijua kusikiliza bendi ikipiga kopi. Hawakuuliza kama imefanana. Walingoja pale penye mlima wa wimbo, waone mwimbaji ataupanda au atazunguka chini. Mimi nahukumu hivyo hivyo mpaka leo, na wimbo huu una mlima mrefu kuliko nyimbo zote za Eagles. Mwaka 1975 aliuimba Randy Meisner, mpiga besi wao. Unakwenda taratibu kwa mwendo wa waltz, ule wa mapigo matatu matatu, unapanda, unapanda, mpaka mwishoni sauti yake inakwenda mahali ambapo unamwogopea. Na kweli mwenyewe aliogopa. Mwaka 1977, wakiwa kwenye onyesho mji wa Knoxville, Marekani, alikataa kurudi jukwaani kuuimba, wakagombana vibaya na Glenn Frey, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, na mwaka huo huo akaondoka kwenye bendi. Sauti ile ya juu ilichangia kumtoa mtu kazini. Meisner alifariki mwaka 2023, na mimi nilitaka kusikia nani kathubutu kuupokea mzigo wake.

Kwenye albamu kaupokea Suzy Bogguss. Sauti nzuri, safi. Nikaongeza sauti, nikainama kwenye spika, wimbo unakaribia pale pagumu, na hapo hapo likaingia lisauti la yule kijana, limetiwa mwangwi, linataja jina la kibanda na namba ya simu! Limepiga kelele juu ya mwimbaji mpaka pale pagumu pakapita. Nikarudisha nyuma. Lipo. Nikajaribu wimbo mwingine, lipo. Kayatia kwenye nyimbo zote, kila moja mahali pake, lakini hapa ndipo pameniuma.

Nikarudi kibandani siku hiyo hiyo.

"Mwanangu, nilikuambia usiongeze kitu."

"Mzee, hiyo ndiyo alama ya kazi yetu. Wateja wote tunawawekea."

"Nyimbo umezitoa kwenye sidii yangu mwenyewe. Alama ya kazi gani?"

"Sasa si unasikia nyimbo inaimba? Za wazungu hizo mzee wangu, nani atajua?"

"Mimi najua."

"Basi kutoa ni elfu mbili nyingine."

Wenzake waliokaa kwenye benchi wakacheka. Elfu mbili siyo iliyonishinda. Nimeshindwa na ile "nani atajua". Kijana anakaa na nyimbo kutwa nzima, anakula kwa nyimbo, na haamini kwamba kuna mtu anazisikiliza mpaka mwisho. Nikachukua sidii yangu na flashi yangu nikaondoka. Kibanda hicho sipeleki kitu tena, na jirani zangu wote nimeshawaambia.

Ikabidi niisikilize kwenye gari la jirani linalosoma sidii, tumeegesha chini ya mwembe. Nilikuwa nimeshaamua kumtetea Bogguss, maana kaonewa kama mimi. Nikashindwa. Anauimba vizuri, kwa utulivu, na utulivu ndio tatizo. Hakuna mahali nilipomwogopea. Jirani akasema mwanamke ana haki ya kuuimba kwa sauti yake bila kushindana na Meisner, na hoja hiyo nimeizungusha kichwani njia nzima. Huenda namwonea. Angekuwa hajui habari za Knoxville, angeimba hivyo hivyo na nisingekuwa na la kusema. Lakini mimi nazijua, na wimbo bila ile hofu kwangu umebaki nusu.

Halafu Hotel California haimo. Nyimbo kumi na tatu, na ule haumo! Mwanzoni nilitukana. Sasa naona walifanya la maana, kwa sababu yale magitaa mawili ya Don Felder na Joe Walsh mwishoni yanaimba kuliko mwimbaji, na ukimpa mtu wa kantri unamtuma akashindwe. Nalipongeza pia jambo la fedha: sehemu ya mapato ilikwenda kwenye mradi wa Henley wa kuokoa msitu wa Walden, Massachusetts. Sisi tunaoishi na miombo inayokatwa kila mwaka tunajua thamani ya mwanamuziki kufanya hivyo.

Nilikuwa nimeandika kwamba albamu ni ya wastani, anayetaka Eagles asikilize Eagles. Naifuta kauli hiyo, na aliyenifanya niifute ni Vince Gill. Kapewa I Can't Tell You Why, wimbo wa Timothy B. Schmit, yule aliyechukua nafasi ya Meisner. Gill hapandi kwa nguvu, anaelea, na huku chini unasikia mtu anayeumia kweli. Huu ndio wimbo nilioufanyia nyumba nzima inyamaze. Na tazameni yaliyofuata: Frey alifariki mwaka 2016, na mwaka 2017 Eagles walipotafuta mtu wa kusimama nao jukwaani pamoja na mtoto wa Frey, Deacon, walimwita Vince Gill. Ameingia ndani ya bendi aliyowahi kuienzi.

Na jukwaani siku hizi anayeimba Take It to the Limit ni yeye. Anaufikia. Nimemsikiliza, nimemwogopea, akafika. Mtu huyo alikuwa kwenye albamu hii hii mwaka 1993, studio tayari, sauti tayari, na wimbo wa Meisner ukaenda kwa mwingine.