Arusha na Nairobi, baridi ni ileile
Mie mtoto wa Arusha, saa hii naishi Nairobi, na washkaji huniuliza mji upi mtamu. Hali ya hewa karibu sawa tu, Julai kote unatoka na sweta, na Oktoba mijakaranda inachanua zambarau huku na kule. Ila Arusha ukiinua kichwa asubuhi Mlima Meru huo hapo, mita 4,566, unajua kaskazini ni wapi bila kuuliza mtu, hapa maghorofa yameziba kila kitu, nimeimisi hiyo kinoma.

Usafiri Nairobi wako juu, matatu ina michoro, taa, mziki mpaka kifua kinatetemeka, lakini mvua ikishuka jioni nauli inapanda hapohapo, makanga anatangaza mlangoni na watu wanapanda tu, wakati daladala za kwetu nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini.

Msosi? Mutura (utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa) ya kando ya barabara ikikatwa moto moto na kachumbari yenye pilipili naipenda sana, ila kwa mtori, ile supu nzito ya ndizi, na ndizi nyama, Arusha hawana mpinzani. Kutafuta hela nabaki Nairobi, kulea watoto narudi Arusha.