Programu ya kusoma haraka inayotaka uzime sauti ya kichwani: nyota 2 kati ya 5

Jamani hii programu ya simu, ile inayokurushia neno moja moja katikati ya skrini, naomba niiseme kabla watu hawajailipia ya mwaka mzima. Wanadai kinachokuchelewesha ni ile sauti ya kichwani inayotamka maneno hata ukiwa umefunga mdomo, ukiizima unafika maneno 600 kwa dakika. Sasa mtu mzima akisoma Kiingereza kimyakimya anaenda kama 240 hivi, ndo wastani alioupata mwanasaikolojia Marc Brysbaert mwaka 2019 alipokusanya tafiti nyingi pamoja, kwa hiyo hawa wanakuahidi zaidi ya mara mbili.

Habari za mpira zinapita vizuri sina neno. Ila weka mkataba wa kupanga nyumba uone, kifungu kina "isipokuwa" na "endapo" humohumo, ukifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshayeyuka, maana ile sauti ndo inakushikia mwanzo mpaka mwisho ufike. Watafiti walishalipima hili zamani, mtu anasoma huku mdomo unarudiarudia neno lisilohusika ili sauti ya ndani ikose nafasi, sentensi nyepesi anaelewa ila zile za kuunganisha mawazo zinamponyoka. Na kwenye ukurasa wa kawaida macho yanasoma kwa kurukaruka, na kama asilimia 10 hadi 15 ya miruko hiyo inarudi nyuma, humu huwezi kurudi, neno limepita limepita.

Kilichoniuma kabisa ni utenzi. Mizani 8 kila kipande, vina vinaitana, halafu mtu anakwambia usiusikie?? Utenzi umetungwa usikike, hata ukiusoma peke yako usiku kimya kimya unausikia, ukiondoa hiyo sauti yanabaki maneno yamepangwa tu.

Halafu kasi wanahesabu kwa maneno, kwa hiyo "na" na "hawakutuambia" yanapewa muda sawa, Kiswahili chetu kitaenda wapi hapo. Nilipoishusha hadi 200 sauti ikarudi na nikaanza kuelewa tena, na hapo nikaifurahia kidogo, maandishi makubwa, macho hayachoki, kwenye daladala inasaidia.

Waliotengeneza kama mnasoma hapa, wekeni kitufe cha kurudia sentensi nzima na mhesabu kwa silabi, na lile tangazo la kuzima sauti mlitoe, kuna wanafunzi wanaliamini wakiwa karibu na mitihani.