Uzamili wa saikolojia tiba na ushauri nasaha Unguja: darasani sawa, fildi bado

Chuo chenyewe hatukitaji. Kozi ni ya miaka 2: wa kwanza darasani, wa pili fildi na tasnifu. Anayeitaka ajue mapema kuwa hatoki hapo akiandika dawa. Hizo ni za daktari wa akili. Yeye anapima na kutibu kwa mazungumzo.

Somo la vipimo ndilo linalostahili ada. Chukua PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu ni 0 hadi 3, juu kabisa 27, na kuanzia 10 mteja huangaliwa zaidi. Mwanafunzi hufundishwa kujumlisha, kisha hufundishwa kutoiamini jumla. Ramadhani ndiyo mtihani wake: usingizi, uchovu na hamu ya kula ni maswali 3, yaani pointi 9. Mtu anayeamka daku kila usiku, akiongeza pointi 1 tu kwenye swali jengine, anaigusa 10 na moyo wake hauna neno. Na mwenye 6 tu, lakini swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, hakulijibu 0, haondoki kabla ya kuulizwa ana kwa ana.

Kinachoiangusha kozi ni lugha. Mazoezi ya kuigiza kikao yanafanywa kwa Kiingereza, halafu mteja wa kwanza anaingia na kusema "nina mawazo sana", "moyo unanienda mbio", "nimechezewa". Mwanafunzi anaanza kutafuta dalili ya kwenye kitabu. Aliyesema amechezewa, yaani amerogwa, hajapotewa na akili kwa neno hilo. Anaeleza sababu kama anavyoielewa. Swali linalofaa ni jepesi: "Nani mwengine ameshakutazama, na alikwambia nini?" Hapo ndipo kisomo na mganga vinapotajwa bila mtu kuona haya.

Fildi ya wodini Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, haina mbadala wa kweli Unguja kwa anayetaka kuwaona wenye maradhi makali ya akili. Lakini wodi bila msimamizi ni matembezi. Uliza kabla ya kulipa: nani atasikiliza vikao vyangu, mara ngapi kwa wiki? Saa 1 kwa wiki, kwa rekodi aliyoiridhia mteja kwa maandishi, ni kiasi cha chini kabisa. Sahihi kwenye kitabu mwisho wa muhula si usimamizi.

Tasnifu hukwama kwenye kibali cha maadili. Utafiti unaogusa wagonjwa huombewa ZAHRI, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na fomu ya ridhaa lazima iwe kwa Kiswahili anachokielewa mshiriki. Dodoso lifasiriwe, mtu mwengine alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona la asili, kisha lijaribiwe kwa watu wachache. Anayeruka hatua hii kwa haraka hurudi mwanzo.

Mwanafunzi wa Pemba aulize kama fildi inaweza kufanyika Chake Chake. Nauli ya boti haimo kwenye ada.