Amitrazi ya asilimia 12.5 kwa kupe wa ng'ombe: dawa ni nzuri, kasoro iko kwenye bomba

Dawa za kuogeshea zenye amitrazi ya asilimia 12.5 huuzwa kwa majina mengi, lakini ndani ya chupa kitu ni kilekile: gramu 125 za amitrazi katika kila lita, ndani ya kimiminika kinachogeuka cheupe kama maziwa kikikutana na maji. Tunaipima hapa kwa mfugaji anayeogesha kwa bomba la kubeba mgongoni, si kwa josho, maana josho lina mambo yake. Kwa kupe wa ng'ombe tunaiweka mbele ya dawa za kumwagia mgongoni, kwa sharti moja: ng'ombe aloe mpaka kwenye ngozi. Sharti hilo ndilo linalovunjwa kila wiki, halafu dawa ndiyo inayobeba lawama.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, kwa sababu wengi huidhania imeshindwa kumbe imefaulu. Amitrazi haimwachi kupe akining'inia amekufa pale alipong'ata. Inamvuruga mfumo wa fahamu mpaka anashindwa kushika, anachomoa mdomo na kuanguka. Saa chache baada ya kuogesha, fungua sikio la ng'ombe utazame kwenye mikunjo ya ndani. Kupe aliyekuwa amezamisha kichwa utamwona mdomo uko nje, miguu inacheza hovyo, na ukimgusa kwa kijiti anadondoka. Kwa hiyo usihesabu maiti kwenye ngozi. Hesabu kupe waliobaki wameshika kesho yake.

Sasa kipimo. Kwa ng'ombe, kiwango cha kawaida ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 500 za maji, yaani mililita 2 kwa kila lita. Bomba la lita 20 linachukua mililita 40, la lita 16 linachukua 32, na la lita 15 linachukua 30. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama. Kifuniko cha chupa si kipimo, kwani vifuniko hutofautiana chupa kwa chupa, na mtu anayemimina "vifuniko viwili" huenda anatia nusu ya dawa inayotakiwa. Nusu dozi ni mbaya kuliko kutoogesha siku hiyo: inaua kupe dhaifu na kuwaachia wale wagumu uwanja wa kuzaliana.

Tia maji nusu ya bomba kwanza, kisha dawa, koroga, halafu jaza maji yaliyobaki. Ukianza na dawa kwenye bomba kavu, inashika chini na kuingia kwenye mpira kabla haijachanganyika, na ng'ombe wa kwanza anapata dozi kali huku wa mwisho akipata maji. Mchanganyiko mzuri huwa mweupe sawasawa. Ukiona mafuta yanaelea, chembe zinazama, au weupe hauji kabisa, chupa hiyo imeharibika au si halisi, hata kama lebo inapendeza. Maji yawe safi. Matope na samadi huivunja amitrazi, na maji yenye uchachu pia. Ndiyo sababu mchanganyiko hautunzwi: changanya wa kutosha leo, uishe leo. Bomba lililobaki na dawa tangu juma lililopita linatoa harufu ileile na rangi ileile, ila nguvu imekwisha.

Tukija kwenye kiasi cha maji, hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Ng'ombe mkubwa anahitaji takriban lita 10 za mchanganyiko. Bomba la lita 20, basi, ni la ng'ombe wawili wakubwa. Ukifuata hesabu hiyo, chupa ya mililita 100 inatoa lita 50, nazo zinatosha ng'ombe watano kwa mara moja. Wengi huigawa chupa hiyohiyo kwa ng'ombe kumi na tano au zaidi, wakiona manyoya ya mgongoni yameng'aa wanadhani kazi imekwisha. Manyoya ya nje yamelowa, ngozi ni kavu, na kupe yuko kwenye ngozi. Kipimo chake ni rahisi: ukimaliza, tenganisha manyoya kifuani, katikati ya miguu ya mbele, uguse kwa kidole kilichovaa glovu. Pakiwa pakavu, hujaogesha. Ng'ombe aliyeoga vizuri anadondosha maji tumboni na kwenye ncha ya mkia.

Kwa kazi hii nozeli ya duara ndiyo bora, ile inayotoa dawa kwa umbo la pia. Elekeza dawa kinyume na lalo la manyoya, kwa umbali wa sentimita 30 hivi, ukisukuma mpini muda wote ili nguvu isishuke. Anza mgongoni, shuka ubavuni, kisha ingia kwenye maficho: chini ya mkia na kuzunguka haja kubwa, mapajani kwa ndani, kiwele au pumbu, makwapani, ngozi inayoning'inia shingoni, katikati ya kwato, na kile kishungi cha nywele mkiani. Masikio yanataka mkono wake. Ukirusha dawa kwa nguvu sikioni, ng'ombe anatikisa kichwa na yote inatoka. Ni bora ulowanishe kitambaa au brashi kwenye mchanganyiko uleule, upake ndani ya sikio lote, mkunjo kwa mkunjo. Kupe wa kahawia wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe, kwa hiyo kuruka sikio ni kuacha mlango mkuu wazi.

Ng'ombe awe amefungwa kwenye kibanio, amekunywa maji kabla, na hajatoka kutembea mwendo mrefu. Mwenye kiu atalamba dawa mwilini au kunywa iliyotuama chini. Ogesha asubuhi wakati jua halijawa kali, kisha mwache akauke kivulini. Mvua ikinyesha kabla hajakauka, kazi imeondoka na maji. Kamua kabla ya kuogesha, si baada, na uoshe kiwele na chuchu kabla ya mkamuo unaofuata. Muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kuchinja hutofautiana kati ya chupa na chupa, kwa hiyo fuata lebo ya chupa uliyoshika mkononi.

Kuhusu ratiba, amitrazi haikai mwilini siku nyingi. Ikinyesha mvua, inakaa chache zaidi. Kama shida yako ni kupe wa bluu tu, wale wanaoleta ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu, una nafasi: kupe huyo anakaa kwenye ng'ombe mmoja kwa wiki tatu hivi, tangu akiwa mdogo mpaka jike anaposhiba na kuanguka kwenda kutaga maelfu ya mayai. Kupe wa kahawia hana subira hiyo. Anapanda, ananyonya siku chache, anashuka, anabadilika, kisha anapanda mnyama mwingine. Vimelea vya ndigana kali huanza kuiva kwenye mate yake siku chache baada ya kung'ata. Ukiogesha kila Jumamosi, kupe aliyepanda katikati ya wiki ana muda wa kutosha kumwambukiza ndama kabla ya Jumamosi nyingine. Mahali penye ndigana kali nyingi, wakati wa mvua ogesha mara mbili kwa wiki, kila baada ya siku tatu au nne. Ni kazi ngumu, tunajua, na ndiyo maana chanjo ya ndigana kali, pale inapopatikana, ni msaada mkubwa unaofaa kuulizia kwa daktari wa mifugo.

Usugu upo, hasa kwa kupe wa bluu, lakini usikimbilie neno hilo. Kabla ya kusema kupe wamezoea dawa, ogesha ng'ombe mmoja kwa lita 10 kamili, dozi iliyopimwa, chupa ambayo haijapita muda wake, masikio yakiwemo. Mtazame baada ya siku mbili. Wakibaki kupe wakubwa walioshiba, wameshika vizuri, hapo kuna neno. Wakusanye kwenye chombo chenye matundu madogo ya hewa, umpelekee daktari wa mifugo ili wapimwe maabara. Wang'oe kwa kibano au glovu na usiwapasue kwa vidole, kwani damu ya kupe inaweza kumpa binadamu homa hatari ya Kongo na Krimea.

Ikithibitika, badilisha kundi la dawa, si jina la chupa. Kutoka amitrazi moja kwenda amitrazi nyingine yenye rangi tofauti ni kurudi palepale. Kundi lingine ni la pairethroidi, kama deltamethrini, sipamethrini na flumethrini. Na usichanganye makundi mawili kwenye bomba moja kwa kubahatisha.

Pairethroidi zina jambo ambalo amitrazi haina: zinaua pia nzi. Amitrazi haisaidii kitu cha maana kwa mbung'o wala nzi wanaouma, kwa hiyo palipo na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, haitoshi peke yake. Flumethrini ya kumwagia mgongoni, mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, haihitaji maji wala bomba na inadumu zaidi. Kwa mwenye ng'ombe wawili na maji ya kubeba kichwani, hiyo ni faida kubwa. Ila ukikosea uzito wa mnyama umekosea dozi, na pairethroidi ni sumu kali mno kwa nyuki. Amitrazi ni laini kwao, hata wafugaji wa nyuki huitumia dhidi ya varoa, utitiri anayeshambulia nyuki, mizingani. Sindano ya ivamektini haitoshi kuwa dawa yako ya kupe: kwa kupe wanaobadilisha mnyama inafanya kazi kidogo sana.

Onyo moja lisome mara mbili: amitrazi haiwekwi kwa punda wala farasi. Inasimamisha utumbo, tumbo linafunga, na mnyama anaweza kufa. Bomba lililoogesha ng'ombe lisiguse punda, hata kwa "mabaki kidogo tu". Paka pia wasiwe karibu. Ng'ombe aliyezidishiwa dozi huzubaa, huinamisha kichwa, mapigo ya moyo hushuka na huweza kuvimba tumbo. Mwoshe kwa maji mengi, mweke kivulini, na umwite daktari mara moja.

Kwa anayeogesha: glovu za mpira, buti, barakoa, miwani, na usimame upepo ukitoka nyuma yako. Dawa ikipita kwenye ngozi ya mtu huleta usingizi mzito, mapigo ya moyo kwenda polepole na sukari kupanda, hivyo mwenye kisukari asishike kazi hii. Chupa ya dawa ambayo haijachanganywa inashika moto, isiwekwe karibu na jiko.

Bomba la kupe liwe la kupe pekee. Lililonyunyizia kiuagugu halisafiki kwa kusuuzwa, na mabaki yake yataishia kwenye kiwele. Ukimaliza, suuza bomba mara tatu, maji hayo umwage kwenye udongo mkavu mbali na kisima na mto, kwani amitrazi huua samaki. Chupa tupu nayo isuuzwe mara tatu na kutobolewa matundu chini, isije ikawa kibuyu cha maji ya mtoto.