Praima ya shelaki au ya maji? Nimezijaribu zote kwenye makabati ya jiko la zamani

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Haya makabati nyuma yangu ni ya siku nyingi. Mbao bado ngumu kabisa, ila rangi ilikuwa imebanduka pembeni na kugeuka manjano. Sikuyang'oa, nimeyapaka upya mwenyewe, na leo nazungumzia makopo mawili haya ya praima, yaani mpako wa kwanza unaotangulia rangi yenyewe: praima ya shelaki, na praima ya maji ile ya kushika sehemu zinazoteleza.

Tuanze na mlango huu niliopaka ya maji. Harufu yake ni ndogo, brashi unaosha kwa maji na sabuni, na haikuharakishi, unapata muda wa kulainisha. Sasa sogea hapa. Unaliona hili doa la kahawia? Hapo pana jicho la mbao, yaani palipoota tawi, na rangi ya mti imepenya praima ikapenya na rangi nyeupe ya juu. Nimerudia mara mbili, limetokea tena.

Mlango wa pili ni wa mbao zilezile, wenye macho yaleyale, nimepaka shelaki mkono mmoja. Hakuna doa! Hata ile harufu ya mafuta ya miaka yote imezibwa. Shelaki yenyewe hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti, unayeyushwa kwa spiriti, ndiyo maana inakauka chini ya saa moja. Lakini kasi hiyo ina gharama yake: ukirudisha brashi palipoanza kukauka, mistari inabaki. Na mvuke wake unashika moto. Zima jiko, fungua madirisha yote, vaa barakoa ya kuzuia mvuke. Ile ya vumbi haizuii kitu hapa.

Kwa hiyo kwangu mimi, milango na droo ni shelaki. Kabati la chini ya sinki nimeliachia ya maji, kwa sababu shelaki haipendi unyevu unaokaa.

Sasa naomba unisikilize vizuri. Hakuna praima inayoshika juu ya mafuta. Kipande hiki nilikipiga msasa kabla ya kukiosha, na msasa ukayasukuma mafuta ndani ya mbao. Nikipitisha kucha, rangi inatoka kama ganda. Osha kwanza kwa dawa ya kuondoa mafuta, hasa kuzunguka vishikio na juu ya jiko, suuza, acha ikauke, ndipo upige msasa namba 120 na umalizie na 220. Lakini kama nyumba ni kongwe, pima kwanza rangi ya chini, maana rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Ikiwa nayo, usiisugue ikiwa kavu, na watoto wasikaribie.

Unataka kujua kama praima imeshika? Ikishakauka vizuri, chora mistari ya kukatana kwa wembe, bandika tepu, vuta kwa nguvu. Kwenye shelaki yangu, tepu imetoka safi, bila rangi.

Milango nimeirudisha, ila bado sijaisugua kwa sabuni. Rangi ya juu ukiigusa ni kavu baada ya saa chache, lakini kukomaa inaweza kuchukua hata wiki nne. Mpaka hapo nafuta kwa kitambaa laini na maji matupu.