TAHADHARI mafundi wa fremu: "silva ya 56" inayouzwa ni vijiti vya friji

Ndugu mnaounga fremu za baiskeli kwa mkono, kuweni macho. Kuna muuzaji anayetangaza vijiti vya kuungia vyenye silva (fedha) asilimia 56 kwa bei rahisi mno, lebo zimebanduliwa. Anachouza ni shaba yenye fosforasi, ile ambayo mafundi wa friji huungia mabomba ya shaba. Kwa friji inafaa kabisa. Kwenye chuma ni hatari: fosforasi inashikana na chuma na kuacha utando unaokatika kama kioo. Fremu itapakwa rangi ipendeze, kisha iachie kwenye kiungo cha usukani mtu akiwa mteremkoni.

Na fremu kupinda baada ya kuungwa, nako kunaanzia hapo hapo. Silva halisi ya 56 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 618 za Selsiasi na kutiririka kwenye 650 hivi. Cha friji kinaanzia 710, na juu ya chuma hakitambai vizuri, kinajikusanya kama tone. Fundi anadhani moto hautoshi, anaongeza. Flaksi (dawa inayopakwa kuweka chuma kisafi wakati wa kuunga) inaungua na kuwa nyeusi, bomba lenye unene wa milimita 0.6 linaiva upande mmoja, na likipoa linavutwa upande huo huo. Bomba la siti linabanwa hadi nguzo ya siti ya milimita 27.2 inagoma kuingia, gurudumu la nyuma linakaa upande.

Kabla ya kulipa, piga tupa kichwa cha kijiti. Silva ya 56 ni nyeupe yenye umanjano kidogo hadi katikati. Cha friji ni chekundu, na mara nyingi ni bapa. Kikiwa kimepakwa rangi ya fedha juu, tupa itakifichua. Halafu nenda kwa sonara ukapime: vijiti 10 vya mviringo, vya milimita 1.5 kwa 500, vikiwa silva ya 56 vina karibu gramu 84. Vya friji, karibu 71. Muuzaji akikukataza kupiga tupa, ondoka.

Jaribio la moto ndilo la mwisho. Safisha vipande viwili vya chuma vilivyogusana, paka flaksi, pasha taratibu. Flaksi ikishakuwa angavu kama maji na chuma kikianza wekundu hafifu, gusisha kijiti: silva inakimbia yenyewe ndani ya upenyo. Ikibaki tone, rudisha mzigo.

Aliyekwisha kuunga fremu kwa vijiti hivi asiinyooshe kwa kuipinda ikiwa baridi, kama tulivyozoea kwa fremu iliyovutwa kidogo. Kiungo kitapasuka ndani, na huenda usiuone ufa. Kuongeza silva juu yake nako hakusaidii, fosforasi inabaki pale pale. Kata kiungo, saga hadi chuma kisafi, weka bomba jipya kama lile limeshaungua. Iliyokwisha kuuzwa, mpigieni mteja leo aache kuipanda.