Rangi moja juu ya chuma, MDF na akriliki: uzoefu wangu na karakana ya rangi ya Keko

Duka langu la manukato na vipodozi liko katikati ya Dar es Salaam, na mwaka huu nilitengenezesha samani mpya za kuonyeshea bidhaa: fremu za chuma, shelfu za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) na vibao vya akriliki, yaani plastiki ngumu mithili ya kioo, vya kusimamishia chupa ndogo. Nilitaka vyote viwe na rangi moja, kijivu cha makaa ambacho katika RAL, chati ya rangi zenye namba, ni namba 7016, tena visiwe na mng'ao mkali, kwa sababu chupa za manukato zinang'aa zenyewe na zinapaswa kuonekana kabla ya shelfu. Uchomeleaji na useremala nilivigawa kwa mafundi mbalimbali, lakini upakaji wa rangi wote niliukabidhi kwa karakana moja iliyoko Keko, na ni kazi hiyo ninayoieleza hapa.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba walikataa kuanza kazi kwa kutegemea namba ya rangi pekee. Namba ile hutaja rangi tu. Haisemi uso utang'aa kiasi gani wala utakuwa laini kiasi gani, na jicho la mteja huona tofauti ya mng'ao upesi sana pale vitu viwili vinapokaa bega kwa bega. Fundi mkuu alitoa kifaa kidogo cha kupimia mng'ao, ambacho humulika uso kwa pembe ya nyuzi 60 na kusoma mwanga unaorudi, tukakubaliana kipimo kimoja kwa malighafi zote. Kisha akapaka kibao cha sampuli kwa kila malighafi na kunitaka nivipeleke dukani, nivitazame mlangoni penye mwanga wa jua na ndani chini ya taa zangu za LED zenye mwanga wa manjano.

Hapo ndipo nilipoelewa umuhimu wa hatua hiyo. Chuma kilichopakwa rangi ya poda (unga unaoyeyushwa kwa joto) na MDF iliyopuliziwa rangi ya kimiminika vililingana kabisa mlangoni, lakini chini ya taa za ndani chuma kilivuta kwenye ubuluu. Rangi mbili zilizochanganywa kwa viambato tofauti zinaweza kufanana katika mwanga mmoja na kuachana katika mwingine, hata kama namba iliyoandikwa kwenye makopo ni ileile. Zaidi ya hayo, poda huacha vijinundu vidogo mithili ya ganda la chungwa, ambavyo MDF iliyopigwa msasa vizuri haina.

Kuipaka poda MDF na akriliki ili zifuate chuma hakukuwezekana. Poda ya kawaida huivishwa kwenye tanuri la nyuzi joto 180 hadi 200. Akriliki hulainika kabla ya kufika huko, na unyevu uliomo ndani ya MDF huweza kuipasua. Karakana ikashauri kinyume chake, yaani chuma ndicho kifuate MDF kwa kupakwa rangi ya kimiminika ya kupulizia, na kila kitu kinachoonekana usawa wa macho kipate poliurethani ya sehemu mbili (rangi inayochanganywa na kemikali ya kuikazia) kutoka mchanganyiko mmoja, kwa bunduki ileile ya kupulizia. Poda ilibaki kwenye miguu ya fremu, ambako madeki na viatu hugonga kila siku, na iliachwa nafasi nyembamba yenye kivuli kati ya poda na rangi nyingine ili macho yasizilinganishe moja kwa moja. Ninaliona hilo kuwa wazo bora kuliko yote waliyonipa.

Kingo za MDF zilihitaji subira. Ukingo uliokatwa hunywa rangi kuliko uso wa ubao, na usipozibwa kwa praima na kusuguliwa tena huonekana mkavu na wenye nywelenywele. Shelfu chache zililetwa zikiwa hivyo. Nilizirudisha, wakazirekebisha bila malipo na bila ubishi.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu akriliki. Vibao vilikatwa kwa leza, na joto la leza huacha mkazo kwenye kingo. Thina, kiyeyushi kilichomo kwenye rangi, inapogusa mkazo huo, hutokea nyufa nyembamba kama zile zilizojitokeza kwenye baadhi ya vibao vyangu. Tiba yake inajulikana: kuvipasha vibao kwa saa kadhaa kwenye joto la takriban nyuzi 80, kisha kuviacha vipoe polepole kabla ya kuvipaka. Karakana ilifahamu hayo yote, ila ilinieleza baada ya nyufa kuonekana, nami nikalazimika kulipia akriliki nyingine. Wataalamu wa kiwango chao walipaswa kuniuliza jinsi vibao vilivyokatwa siku ile ile walipovipokea.

Kazi pia ilichelewa kwa sababu ya masika, kwani kemikali ya kukazia poliurethani huathiriwa na unyevu wa hewa na rangi huweza kutoka na vipovu. Waliahirisha kupulizia kila hewa ilipokuwa nzito, na kwa hilo siwalaumu hata kidogo, ingawa tarehe ya kufungua duka ilikuwa imekaribia.

Bei yao iko juu kuliko ya mafundi wa kando ya barabara, lakini wameniachia kopo la rangi ya mchanganyiko uleule pamoja na vibao vya sampuli vyenye kipimo cha mng'ao nyuma yake, hivyo samani mpya inaweza kulinganishwa na za zamani. Nimeshawapa kazi ya kaunta ya malipo. Safari hii makubaliano ya maandishi yanataka kila kipande cha akriliki kipashwe joto kabla ya rangi, na sampuli zikubaliwe ndani ya duka, taa zikiwa zimewashwa.